Bwawa Lina Majira Yake

Wengi hudhani kwamba bwawa la samaki ni kama pipa: ukisha kutia maji na samaki, kazi iliyobaki ni kungoja. Sivyo hata kidogo. Bwawa ni shamba, nalo lina majira ya kustawi na ya kupumzika kama shamba la mahindi. Hayo nimeyaona kila likizo katika bwawa la perege la babu yangu, huko kwetu Muheza.

Masika yaanzapo, mwezi wa Machi, mvua huteremsha udongo na rutuba ya nchi kavu. Chakula kimeingia, lakini maji huwa na rangi ya chai ya maziwa, na mwanga wa jua haupenyi. Kwa hiyo vile vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha bwawa, havistawi upesi. Tope likisha kutua, maji hugeuka kijani. Vidudu vya majini huvila vijimea, na perege hula vyote viwili. Hapo ndipo wanenepapo. Kipupwe kikiingia, Juni hata Agosti, maji hupoa. Perege hula kidogo na kukua polepole, na kumwaga samadi nyingi ni kuipoteza bure. Mvua za vuli huliamsha bwawa tena.

Babu hana kipimo ila mkono wake. Huutumbukiza hata kwenye kiwiko, kiganja kikielekea juu. Akikiona kiganja waziwazi, maji yana njaa, naye huongeza samadi. Kikipotea kabla kiwiko hakijagusa maji, hatii kitu.

Hatari kubwa huja Januari na Februari: jua kali, maji pungufu, ukijani mzito kama kisamvu. Mwalimu wetu alinieleza sababu yake. Mchana vijimea hutoa oksijeni, lakini usiku navyo huivuta pamoja na samaki. Tena maji yenye joto hushika oksijeni kidogo. Ikikaribia alfajiri huwa imebaki haba sana. Mwaka mmoja jirani yetu, aliyesifiwa kwa bwawa la kijani kuliko yote, aliamka akakuta perege wake wakielea matumbo juu.

Kwa hiyo Januari iliyopita, ijapokuwa bibi alitaka tungoje hata Pasaka ili samaki wakue zaidi, babu alivua nusu yao. Fedha zilitununulia sare na madaftari, mimi na ndugu zangu. Walioachwa walipata hewa ya kuwatosha, na masika yaliwakuta wazima.

Basi, wenzangu mnaotaka kuchimba bwawa, jifunzeni kwanza kusoma rangi ya maji. Tena wakati wa joto amkeni kabla jua halijachomoza mkawatazame samaki wenu. Mkiwaona wamepanda juu wakihema, fungueni mfereji upesi, maji mapya yaingie.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu