Utaratibu wa Kuzima Mitandao, kutoka Bukoba hadi Kimwani

Vijana wengi wanaotunza mitandao ya ofisi, shule na zahanati katika wilaya za Bukoba na Muleba, hadi Kimwani upande wa kusini, huzima vifaa vyao kwa kuchomoa plagi ukutani, nao hushangaa wanapoambiwa kwamba kazi hiyo ina utaratibu wake. Ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na swichi, yaani kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kompyuta za jengo moja, havizimwi kama taa. Na mazoea ya kuvizima hivyo yangewashtua watu waliowatangulia vijana hao katika kazi hiyohiyo.

Katika chumba cha mitambo ya simu, enzi za Shirika la Posta na Simu, suala la kuzima halikuwapo kabisa. Mitambo ilitumia volti 48 kutoka kwenye safu ya betri za risasi na tindikali, umeme wa nje ukizichaji, kwa hiyo mji ulipoingia gizani simu ziliendelea kuita. Shirika liligawanywa mwaka 1993, na TTCL, kampuni ya simu iliyotokana nalo, ikaanza kazi mwaka 1994, ingawa kwa mtu aliyesimama dirishani akisubiri kuunganishwa na Mwanza tarehe hizo hazikubadilisha chochote. Kinachokumbukwa zaidi ni harufu ya tindikali iliyokwaruza koo mlangoni, pamoja na daftari ambamo mtunza betri aliandika vipimo vyake, kwa kuwa betri iliyosahauliwa ilimaanisha mji mzima kunyamaza.

Nidhamu hiyo ilihamia kwenye maduka ya intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hakuna aliyeishika kuliko mzee mmoja aliyekuwa na duka karibu na soko la Bukoba, chumba chembamba kilichonuka vumbi lililopashwa moto na stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, huku harufu ya kahawa ikiingia kutoka barabarani. Kila jioni aliwataka wateja wahifadhi kazi zao, akazima kompyuta moja baada ya nyingine, kisha akaigeukia ruta. Mpangilio unaotumika ndani ya ruta hukaa katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapokatika, kwa hiyo mabadiliko yoyote ya siku hiyo yalipaswa kunakiliwa kwanza kwenye kumbukumbu ya kudumu. Na aliyekata umeme wakati uandishi huo haujakamilika aliweza kuliharibu faili lenyewe, kifaa kikawaka kesho yake bila kujua kazi yake. Baada ya kunakili, mzee alizima swichi, ruta na modemu, yaani kifaa kinachounganisha duka na laini ya intaneti, kwa mfuatano huo, na stabilaiza ikawa ya mwisho. Asubuhi mfuatano uligeuzwa: baada ya stabilaiza iliwashwa modemu, ikaachwa mpaka taa zake zitulie, ndipo ruta, swichi na kompyuta zikafuata.

Hakuishia hapo, kwa sababu aliijua Bukoba. Mvua za ukanda huu wa ziwa ni nyingi na radi zake ni kali, na radi haiingii kwa nyaya za umeme peke yake, hivyo alichomoa pia waya wa simu na ule wa antena, jambo ambalo wengi husahau mpaka leo. Msimu wa senene, wadudu hao walipofuata taa za mji usiku, alifunika matundu ya hewa ya vifaa kwa chandarua kisichozuia hewa kupita. Sehemu kubwa ya Mkoa huu wa Kagera, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ilipata umeme wake kutoka Uganda kwa njia ya kilovolti 132, na hitilafu za mbali zilifika mpaka kaunta ya mzee huyo. Umeme ulipokatika alizima kila swichi ya ukutani, akasubiri urudi na kutulia, kwa kuwa mrejeo wa ghafla wenye volti zisizo thabiti huua vifaa vingi kuliko giza lenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, simu za mkononi zikayafunga maduka ya intaneti, umeme vijijini ukafika, na ruta zikaingia kwenye majengo ambayo hayajawahi kuwa na fundi. Vifaa navyo vimetofautiana: swichi nyingi za Cisco hazina amri ya kuzima, zikitosheka na kuhifadhiwa mpangilio kabla ya kukatiwa umeme, ilhali vya Juniper, vyenye mfumo endeshi kamili, huhitaji kuamriwa visimame na kusubiriwa mpaka vithibitishe kwamba vimesimama.

Inaudhi kwamba fundi husafirishwa kutoka Bukoba hadi Kimwani kurudisha mpangilio ambao amri moja ingeuhifadhi, na kwamba taasisi hununua ruta ya bei kubwa kisha ikaona gharama ya yupiesi, yaani kifaa chenye betri ya akiba kinachotoa dakika chache za kuzima kwa utulivu, ni anasa. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati la mtandao, ikitaja kipi kizimwe kwanza, kipi kifuate na nyaya zipi zichomolewe radi inapokaribia, ingemtosha hata mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye mara nyingi ndiye pekee aliyepo.