Vietnam: Korosho Zetu Ugenini

Mgeni anayewasili Jiji la Ho Chi Minh hupokewa na mambo mawili: joto lenye unyevu, lisilomshangaza mtu wa Pwani, na pikipiki. Nyumbani pikipiki ni ajira ya kijana wa bodaboda. Hapa ni chombo cha kila mtu, kuanzia mama ampelekaye mwanawe shule hadi karani aendaye ofisini. Kuvuka barabara kuna kanuni yake: usikimbie wala usisimame ghafla, tembea kwa mwendo mmoja, nao watakupisha.

Hata hivyo, kilichonifikirisha zaidi katika siku hizi za kwanza ni korosho. Zimejaa madukani na sokoni, zimekaangwa kwa chumvi, zimefungwa katika makopo ya kupendeza kama zawadi ya nchi hii. Vietnam inaongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, ilhali mashamba yake hayatoshelezi viwanda vyake. Sehemu kubwa ya korosho ghafi huinunua Kambodia na Afrika, Tanzania ikiwamo. Yumkini punje ninayoitafuna iliokotwa chini ya mkorosho wa Newala au Tandahimba, kisha ikavuka bahari kutafuta wa kuibangua.

Ndugu msomaji, jambo hili halielezwi kwa udongo wala kwa mvua. Vita vya Vietnam vilikoma mwaka 1975, vikiacha nchi magofu. Desemba 1986 ilianzisha mageuzi ya kiuchumi yaitwayo Doi Moi. Mwaka huohuo nasi tulitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wakati huo Mtwara na Lindi tayari zilikuwa na viwanda vya kubangua. Baadaye vilibinafsishwa, na baadhi vikaishia kuwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua kilo kwa shilingi 3,300 na kulipeleka jeshi kuzisomba, kilichobishaniwa zaidi kilikuwa bei.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matunda ya chama kimoja na nidhamu yake. Ni kweli Vietnam ina chama kimoja, na huwafunga wanaoandika kuikosoa serikali. Lakini sijaona namna kifungo cha mwandishi kinavyobangua korosho. Kilichobangua ni viwanda vingi, vikubwa kwa vidogo, na mafundi wa humuhumu waliounda mashine zao wenyewe, ambazo leo huuzwa hata Afrika.

Basi mtumishi wa umma anayeandaa mpango wa zao hili na ajiulize maswali mawili. Fundi wa Masasi atapata wapi mkopo wa kuunda mashine yake? Na mbanguaji mdogo atapataje korosho ghafi mnadani, mbele ya mnunuzi ambaye meli yake imekwisha kutia nanga Mtwara?