Tumeanza Tena Kwenda kwa Miguu

Pengine utacheka ukisikia kwamba sisi wanawake wa Kinyangiri tunahimizana kutembea. Watu wa jembe na kuni wahimizwe kutembea? Hata sisi tulicheka.

Mama zetu walikwenda kwa miguu kila mahali: shambani, kisimani, kliniki na mtoto mgongoni. Siku hizi pikipiki inatufuata mpaka mlangoni. Hatuilaumu. Imewawahisha wajawazito wengi hospitalini usiku, na gunia la alizeti si mzigo wa kichwa. Lakini tulifika mahali pa kuipanda hata kwenda dukani kununua chumvi. Kweli, chumvi! Tena baadhi yetu ni walimu, wengine wana maduka, na maji wanachota watoto. Kutwa tumekaa. Magauni yakianza kubana tunasema ni neema ya nyumba.

Kilichotuamsha ni mwenzetu mmoja wa kwaya. Jumapili tatu hakuonekana, tukadhani amekwenda kwa binti yake. Kumbe alikuwa ndani, miguu imekufa ganzi, na kidonda cha unyayo hakiponi. Alipopimwa akakutwa na kisukari, na kidole kimoja cha mguu kikakatwa. Nyumba yake iko kando ya barabara ile ile tunayopita kila siku. Tulipita juu ya pikipiki, kanga usoni kwa ajili ya vumbi. Zamani mtu wa miguu asingepita pale bila kupiga hodi. Tulipokwenda kumwona alituambia, wala hakuwa na hasira, "Nilikuwa nawasikia mkipita." Tulirudi kimya.

Ndipo tukaanza. Jioni, jua likipoa, tunakwenda pamoja hadi kwake na kurudi. Mwanzoni tuliitwa wazururaji, na mume mmoja akauliza kama ugali umeanza kujipika. Mzee mmoja akatutetea. Alikumbusha kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, Rais mzima, alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Nasi tukaongeza kwamba Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Watanzania wote wafanye mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Waume wakanyamaza. Wawili siku hizi hutufuata kwa nyuma, wakijifanya wana safari yao.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Mwendo huo husaidia kushusha sukari na shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa amwulize daktari kwanza. Mwenye kisukari asiende peku wala kwa kandambili. Avae viatu vilivyofunikwa visivyobana, na kila jioni atazame nyayo zake, maana mguu wenye ganzi huchomwa na mwiba bila yeye kujua. Barabarani tunashika upande wa kulia ili magari yaje tukiyaona, na giza halitukuti njiani.

Jambo ambalo hatukulitazamia ni habari tunazookota njiani. Tulimkuta bibi mmoja hana mtu wa kumtekea maji, tukapanga zamu. Tulimkuta pia mzazi mchanga aliyekuwa akilia peke yake, mume yuko machimboni. Tulikaa naye mpaka ugali wa nyumbani ukachelewa, na siku hiyo hakuna mume aliyeuliza.

Mwenzetu kidonda kilipona, na daktari akamruhusu atembee polepole. Alianza kwa kutusindikiza mpaka kwenye ua wake. Juzi alifika dukani, akanunua chumvi, akatudai tumngoje apumue kwanza.