Taa za Arusha na fremu za Babati

Mara nne au tano kila mwaka, majukumu ya kamati ya msikiti hututoa Babati na kutupeleka Arusha. Twaenda kununua mazulia, vitabu vya madrasa na vifaa vya ujenzi ambavyo kwetu ama havipatikani, ama bei yake haibebeki. Tunapanda basi baada ya Swala ya Alfajiri, tunasoma dua ya safari, na kuliacha nyuma ziwa letu lenye viboko. Mbele yetu ni kilomita zipatazo 170 za lami: mashamba ya mpunga ya Magugu, Minjingu panapochimbwa fosfeti ya mbolea, kisha Makuyuni ambako magari ya watalii hukata kushoto kwenda Karatu na Ngorongoro. Baada ya hapo ni mbuga za Monduli na ng'ombe wake, mpaka Mlima Meru unapojitokeza na abiria kuanza kutafuta mizigo yao.

Arusha si mji mgeni kwetu. Hadi mwaka 2002, ulipoundwa Mkoa wa Manyara, Babati ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, na wazee wetu walizoea kuufuata mji huo kwa kila jambo kubwa. Ni mji wenye historia nzito. Hapo ndipo lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, likiwahimiza Watanzania kwamba maendeleo hutokana na watu na jitihada zao, si na fedha za kuombwa. Hapo ndipo ilipoketi mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufunga kazi zake mwaka 2015. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tena ni lango la Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, na kwa hiyo kila siku hupokea watu wa kila rangi na kila lugha.

Mji wa wageni huwa na pande mbili. Mchana, Arusha ni mji wa kazi: wachuuzi wa Soko Kuu, mafundi, madereva wa watalii, mama zetu na mafungu ya parachichi. Usiku, baada ya Isha, zinawaka taa nyingine. Katika barabara tunayopita kutoka msikitini kwenda nyumba ya wageni tunakolala, pana kasino moja ambayo jina lake hatulitaji. Mlango wake una taa nyekundu na za manjano zinazokimbizana, na mbele yake husimama mlinzi mwenye sare iliyopigwa pasi.

Tuseme kwa uadilifu kwamba Arusha haikujengwa kwa kamari. Si Las Vegas, mji wa jangwani katika jimbo la Nevada, Marekani, ambako kamari ilihalalishwa mwaka 1931 na mahoteli makubwa yakaota juu ya mchanga kwa sababu ya meza za michezo hiyo. Utajiri wa Arusha ni wanyama, mlima, kahawa na mikono ya watu wake. Hata hivyo, palipo na wageni wenye fedha na usiku mrefu, mwenye meza ya kamari hakosi kufika. Na nchini mwetu anafika akiwa na kibali, kwa kuwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeweka bodi ya kuisimamia biashara hiyo.

Katika safari zetu za mwanzo tulikuwa tukiupita mlango ule kwa haraka, tukiinamisha macho. Usiku mmoja mlinzi akatutangulia kwa salamu: "Assalaamu alaykum, Ustadhi." Tukasimama. Akatueleza kwamba ni Muislamu, mwenyeji wa upande wa Kondoa, baba wa watoto wanne. Tangu usiku ule tukawa tunazungumza naye kidogo kila tunapopita.

Sisi hatukuwahi kuingia ndani, lakini kwa mdomo wa mlinzi tuliyajua ya ndani. Alisema humo hamna saa ukutani wala dirisha, ili mtu asijue kama kumekucha. Tuliona ajabu: mita chache kutoka hapo upo Mnara wa Saa, alama maarufu ya katikati ya mji, ilhali ndani ya nyumba ile muda umefukuzwa. Tukamwuliza wateja ni nani, tukidhani atasema Wazungu. Akacheka. "Wazungu ni wachache, Ustadhi. Wanalala mapema, alfajiri wana safari ya mbugani. Wengi ni watu wetu. Yupo anayekuja na gari lake, na saa kumi alfajiri ananiomba nauli ya bodaboda."

Alitueleza pia kuhusu gurudumu la ruleti, na usiku ule kabla ya kulala tulichukua kalamu tukapiga hesabu. Gurudumu hilo, kwa namna yake ya kawaida, lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Anayeotea namba moja hulipwa mara 35 ya dau lake, na dau lenyewe hurudishiwa. Basi chukueni mtu anayeweka shilingi 1,000 juu ya kila namba, asibakize hata moja. Ametoa 37,000. Namba yoyote itakayotoka, mkononi mwake zitarudi 36,000. Hata yule aliyeziotea zote ameondoka na hasara! Mwenye nyumba hahitaji kuiba wala kudanganya. Hesabu imeshamfanyia kazi kabla mlango haujafunguliwa. Tangu hapo, tunapowafundisha vijana aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maidah, ambamo Mwenyezi Mungu ameitia kamari kundi moja na ulevi na kutuonya kwamba huzaa uadui na humsahaulisha mtu swala, tunawaandikia ubaoni na hesabu hii.

Usiku mmoja mlinzi akauliza swali ambalo bila shaka alikuwa amelibeba kwa muda mrefu. "Ustadhi, mimi sichezi. Ndani siingii ila kwa dharura. Nalinda mlango tu. Mshahara wangu una hukumu gani?"

Tulimjibu upesi, kama wanafunzi wanaojua jibu la mtihani. Tulimkumbusha katazo la kusaidiana katika dhambi, tukamwambia atafute kazi nyingine, kwani riziki iko kwa Allah. Maneno yetu yalikuwa sahihi. Lakini tuliyasema tukiwa tumeshika mfuko wa vitabu, tukielekea kulala, na yeye akabaki kwenye baridi ya Arusha akiwafikiria watoto wanne. Hatukumwuliza analipwa kiasi gani. Hatukumwuliza kama tungeweza kumsaidia kutafuta hiyo kazi nyingine.

Tukarudi Babati. Msikiti wetu una fremu tatu za wakfu upande wa barabara, na kodi yake ndiyo inayolipa walimu wa madrasa. Wiki ile fremu ya kati ilikuwa tupu. Mezani mwa kamati tukakuta ombi: mfanyabiashara mmoja anataka kuipanga kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, na yuko tayari kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Fundi cherehani aliyekuwa akiiulizia aliweza kutoa 100,000. Tukapiga hesabu: tofauti ni 1,800,000 kwa mwaka, na madrasa ina vyumba vitatu vya kuezeka. Ndipo tulipouliza biashara yenyewe ni nini. Ikawa ni kubeti: skrini za mpira, mikeka, na madubwi manne ya sarafu.

Tunaona haya kuandika, lakini ukweli usemwe. Kamati haikukataa papo hapo. Mmoja wetu alisema sisi tunapangisha ukuta tu, anachofanya mpangaji ni juu yake. Mwingine akasema biashara hiyo ina kibali cha serikali. Mwingine akasema fedha zitakwenda kwa mayatima na walimu, si mifukoni mwetu. Na sisi, tuliokuwa na jibu la haraka mlangoni mwa kasino, tulinyamaza. Mlinzi wa Arusha alisema analinda mlango tu, nasi tulikuwa karibu kusema tunapangisha mlango tu.

Mama mmoja wa jumuiya ya akina mama, aliyekuwa ameketi upande wa pazia, akaomba ruhusa ya kuzungumza. "Wanangu," alisema, "hizo laki mbili na nusu atazitoa wapi? Mimi nina mjukuu wa miaka kumi na miwili. Juzi nimemtuma mafuta ya kula, amerudi na chupa tupu. Sarafu zangu zimeishia kwenye dubwi la dukani, na kanzu ya madrasa bado anayo mwilini. Kodi mtakayolipwa ni sarafu za watoto wetu." Hakuna aliyemjibu.

Ni kweli. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini dubwi lililowekwa pembeni ya duka halina mlinzi mwenye sare wa kuuliza umri. Linapokea sarafu ya shilingi 200 kutoka katika mkono wowote. Tulikuwa tumesafiri kilomita 170 kwenda kuishangaa kasino, na kumbe njia ya kutoka madrasa kwenda nyumbani ilikuwa na kasino zake ndogo, zisizo na taa za kukimbizana wala zulia jekundu.

Kikao kile kilitukumbusha mambo mawili tuliyoyasoma chuoni. La kwanza ni kuhusu maysir yenyewe, neno ambalo wanazuoni wengi wanalinasibisha na yusr, yaani wepesi, kwa kuwa ni mali ipatikanayo bila jasho. Waarabu wa zama za Jahiliya waliicheza kwa mishale, wakishindania nyama ya ngamia, na washindi walijifakharisha kwa kuwagawia maskini nyama ile. Maskini walishiba kweli. Suratul Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba ina manufaa. Ilibainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi hoja ya mayatima si mpya. Ilikuwepo, na haikuihalalisha kamari.

La pili ni habari ya Maquraysh walipoijenga upya Al-Kaaba, miaka mitano hivi kabla ya Utume. Walikuwa washirikina, na bado walikubaliana kwamba katika ujenzi ule isiingie mali ya uzinzi, ya riba wala ya dhulma. Mali safi ikawapungukia. Hawakuijazia kwa mali chafu. Waliufupisha ukuta, na sehemu ya Hijr Ismail ikabaki nje ya jengo hadi leo. Kila Muislamu anayetufu huizunguka sehemu ile kwa nje, na ndani yake umo ushahidi wa watu waliokubali jengo pungufu.

Fremu tukampa fundi cherehani. Kisha tukaandika katika mkataba wa wakfu kwamba haitapangishwa kwa kamari, ulevi wala riba, ili wajao baada yetu wasije wakajaribiwa kama sisi. Tunazishauri kamati nyingine zenye fremu kufanya hivyo kabla ombi halijafika mezani, kwa sababu likishafika na fedha taslimu, ulimi huwa mzito.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Arusha. Mlinzi alikuwa palepale. Safari hii hatukuanza na hukumu. Tulimweleza kisa cha fremu yetu, tukamwomba radhi kwa haraka yetu ya siku ile, na tukamwuliza mshahara wake na ujuzi wake. Ana leseni ya udereva. Tumerudi na namba yake ya simu, na wafanyabiashara wawili wa Babati wameahidi kumfikiria. Hadi tunaandika makala hii bado hajapata kazi hiyo, na bado anasimama pale kila usiku.

Vyumba viwili vya madrasa vimeezekwa. Cha tatu kina kuta tu, na mvua ikinyesha watoto hubanana katika vile viwili. Mabati yanayohitajika ni thelathini. Mwenye mali safi na moyo wa kutoa, mlango wa kamati uko wazi baada ya kila Swala ya Ijumaa, insha'Allah.