Kutoka Mrima hadi Moshi: Mionzi Ipi Tuiogope?

Mrima, Kwale

Kilima cha Mrima kiko kusini ya Pwani ya Kenya, upande wa barabara iendayo Lunga Lunga. Juu kuna kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wadigo. Ardhini kuna niobiamu, madini adimu na thoriamu. Hiyo thoriamu ndiyo inayoufanya udongo wa hapa utoe mionzi ya asili mingi kuliko sehemu nyingi za Kenya.

Nyumba za miti na udongo zimekandikwa kwa udongo uleule mwekundu. Mzee mmoja aliuegemea ukuta wake akaniuliza, "Mwanangu, wanaokuja na mashine za kupima wanasema mahali hapa pana mionzi. Mbona babu zetu wamezeeka hapa hapa?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake limetafutwa mbali. Kule Karunagappally, katika jimbo la Kerala, India, mchanga wa ufukweni una thoriamu pia. Watafiti waliwafuatilia maelfu ya wakazi kwa miaka mingi, wala hawakuona saratani ikiongezeka kwa sababu ya mionzi ile. Kila binadamu hupata mionzi ya asili, wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani, kutoka ardhini, angani, chakulani na hewani. Kinachoamua madhara ni kiasi.

Horohoro kwenda Tanga

Kwenye basi, mama niliyekaa naye alisimulia jinsi mtaa wao ulivyoupinga mnara wa simu. Mama huyohuyo alikuwa ameahirisha eksirei ya kifua kwa hofu, na huku anakohoa.

Mawimbi ya mnara ni ya jamii moja na ya redio: hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, kazi ambayo mionzi ya thoriamu au ya eksirei huiweza. Na eksirei yenyewe? Picha moja ya kifua haizidi takriban milisivati 0.1, yaani mionzi ya asili ya wiki mbili hivi. Kipimo cha CT cha tumbo ni kikubwa zaidi, kinaweza kukaribia milisivati 10, ndiyo maana hakifanywi bila sababu. Lakini kifua kikuu kisichogunduliwa kinaua. Nilimwambia, "Mama, nenda kapige picha."

Minjingu, Manyara

Hapa, karibu na Ziwa Manyara, huchimbwa fosfati iliyotokana na mifupa ya samaki na vinyesi vya ndege wa ziwani wa zama za kale. Ina urani nyingi kuliko miamba ya kawaida. Mkulima anayetia mbolea yake shambani na mchimbaji anayevuta vumbi lake kutwa hawako katika hatari moja. Wa kuwekewa ulinzi kwanza ni mchimbaji: barakoa, maji ya kutuliza vumbi, na kupimwa mara kwa mara. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki. Kazi kama hii ndiyo yake.

Moshi

Nikirudi nilishuka stendi ya Moshi saa sita mchana. Kijana mwenye ualbino alikuwa akiuza maji, kichwani hana kofia. Midomo imepasuka, na kwenye sikio la kushoto ana kidonda chenye gamba, ambacho aliniambia hakijapona kwa miezi.

Katika safari nzima, hapa ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Mnara umeitishiwa mikutano na kilima kimeletewa mashine. Mionzi ya jua, inayowapa ndugu zetu wenye ualbino saratani ya ngozi wangali vijana, inaonekana jambo la kawaida. Na kinga ipo: kofia pana, nguo za mikono mirefu, kivuli saa za mchana, na mafuta ya kujikinga na jua. Moshi yenyewe hutengeneza mafuta hayo kwa ajili yao, yakiitwa Kilisun. Nilimsihi aende hospitali ya KCMC wakamtazame sikio.

Basi tupime kabla ya kuogopa. Daktari akikuandikia eksirei, muulize ni ya nini, kisha piga. Ukivuta sigara, acha: inaua watu wengi mno kuliko mnara wowote. Na kama kwenu kuna mtoto mwenye ualbino, mnunulieni kofia pana leo, kabla hajatoka tena kwenda shule.