Kisanduku Kisichoijua Kasongo

Kuna kisanduku kimoja kimeniudhi wiki nzima. Kiko kwenye ukurasa wa kulipia wa duka la intaneti tunalomfungulia shemeji yangu mwenye depo Kasongo, kule Kongo. Kinadai msimbo wa posta, na kina nyota nyekundu: usipokijaza huendi mbele. Msimbo wa posta, Kasongo! Mtu yuko Ottawa, anataka tu kumlipia mama yake gunia la mchele na bido ya mawese, shemeji apeleke mpaka nyumbani. (Tumechoka kutuma feza. Ukituma feza, wajomba wanapata habari kabla ya mama.)

Huku Ottawa mambo yalivyo rahisi yanatia wivu. Jirani yangu anauza mishumaa. Duka lake alilifungua Jumamosi moja huku anakunywa kahawa: akachagua kiolezo cha tayari, akafuta picha za watu wanaocheka, akaweka zake, akaunganisha kadi za benki, basi. Ushuru unajihesabu wenyewe, na nauli ya posta vilevile. Msimbo wa Kanada ni herufi tatu na tarakimu tatu tu, na mjini hizo zinamfikisha mleta mzigo karibu kabisa na mlango.

Na kule kwetu, mama mkubwa wangu wa Kabambare je? Anwani yake ni "nyuma ya msikiti, ukifika uulize". Na kweli ukiuliza utafikishwa, tena utaambiwa leo amekwenda shamba gani.

Shemeji anataka tovuti ya kuandikiwa yeye peke yake. Namwelewa: kwetu nguo ya heshima ni ya kushonesha. Lakini kampuni moja ya huku imetutajia bei ya kununua pikipiki kadhaa, na matunzo ya kila mwaka hayamo. Halafu siku fundi wao akihama, nani atasoma alichoandika? Lakini WordPress, programu ya tayari ya kutengenezea tovuti, ipo tangu 2003, mafundi wake wamejaa kila mji.

Cha ajabu, Shopify, inayouza maduka ya tayari dunia nzima, ilizaliwa hapa hapa Ottawa. Mwaka 2004 Tobias Lütke alitaka kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji, akaona programu za maduka zilizokuwepo hazimfai, akaandika yake. Mwaka 2006 akaanza kuwauzia wengine. Kumbe nguo ya tayari ilishonwa kwanza kwa kipimo cha mtu mmoja, tena wa mji wenye kadi, namba za nyumba na posta. Ndiyo maana inatubana mabegani.

Mimi nasema tuichukue hivyo hivyo, fundi aifumue pale inapobana. Kisanduku kile kife. Pawe na jina analojulikana nalo mpokeaji mtaani, na namba ya simu, hata ya jirani. Picha ziwe nyepesi, maana shemeji atafungua oda kwa mega za kuhesabu. Upande wa kadi uachwe ulivyo, walipaji si tuko huku? Yeye atamlipa mtu wa pikipiki kwa M-Pesa au Airtel Money.

Shemeji hajakubali. Anauliza mteja atapunguziwa bei wapi. Nikamjibu kwamba duka la intaneti halina kupatana bei, na watu wa huku wamezoea. Jana binamu yangu wa Bruxelles kafungua ukurasa, kaona bei ya mchele, kakiacha kitufe cha kulipa na kunipigia simu: "Sema bei ya mwisho."