Kiti cha Baba

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa na kiti ambacho watoto hatukukikalia. Kilikuwa cha baba, na pembeni yake kopo la maziwa lililojaa majivu. Hiyo ni miaka ya 1980. Baba akirudi kutoka stesheni ya reli, kazi yangu ilikuwa kukimbia dukani kununua sigara mbili za rejareja, kisha kumwashia moja kwenye jiko la mkaa. Nilijivunia kazi ile kuliko alama zangu za darasani.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na kifua. Usiku kilipiga mluzi, nasi tukilala tunahesabu pumzi zake. Bibi alilaumu vumbi, mama akalaumu baridi. Alipakwa mafuta, akafukizwa kwa majani ya mkaratusi. Sigara haikutajwa na mtu. Kwetu harufu ile ilimaanisha baba yupo nyumbani, basi.

Siku moja kwenye zahanati, muuguzi alimsikiliza mgongoni akauliza, "Nani anavuta humo ndani?" Mama akainama. Muuguzi akamweleza kuwa mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima na njia zake za hewa ni nyembamba, tena moshi mwingi hutoka kwenye ncha inayowaka, si kinywani mwa mvutaji. Jioni ile sisi watoto tulitolewa nje. Mama alizungumza na mumewe peke yao.

Kiti kikaanza safari. Kwanza dirishani, ambako upepo wa bahari uliurudisha moshi wote ndani. Kisha mlangoni. Kufika barazani kulichukua karibu miaka miwili na ugomvi mmoja wa masika, baba amejifunika koti la reli akinung'unika kwamba amefukuzwa kwake. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 ilishughulikia mahali pa umma, ikakataza pia kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18. Ya sebuleni tulikuwa tumeshayamaliza wenyewe.

Mdogo wangu bado ana pumu, ingawa usiku wa kuhesabu pumzi ulipungua sana. Simtwishi baba yote. Lile jiko la mkaa nalo lilikaa ukumbini.

Tulipopaka nyumba upya, fundi alitazama dari pale kiti kilipokuwa, akauliza kama tulikuwa tukipikia sebuleni.

"Ndiyo," baba akawahi kujibu kutoka barazani. "Mama yao alikuwa akikaangia samaki hapo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Dari tulilipiga rangi mara tatu, na duara la manjano likachungulia tena.